Mafuta ya Ukumbini

Coralie Santo aliajiriwa kwenye maji taka katika umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshaanza kuzungumzia kustaafu. Kabla ya hapo alikuwa dobi wa kiwanda cha sukari cha Tarlina, akifua maovaroli ya watu wa mitambo, mpaka kiwanda kilipofungwa na mashamba ya miwa ya upande ule wa Queensland yakaanza kupeleka mavuno yao mbali. Alikaa nyumbani karibu mwaka mzima. Kisha halmashauri ya mji ikatangaza kwamba inatafuta msaidizi katika mpango wa ukaguzi wa maji taka, mtu wa kubeba chupa za sampuli, kufunua mifuniko ya chemba, na kuzungukia migahawa, saluni na sehemu za kuoshea magari ili kuona wanamwaga nini.

Mkuu wake alikuwa Des Hanrahan, mwanamume mrefu mwenye madoa ya jua mikononi, ambaye kila siku alikula mkate wa nyama ya kopo akiwa amesimama. Siku ya kwanza alimpa buti na glavu, akamwambia, "Watu watakuona polisi. Wewe usijione polisi. Sisi tunataka kujua tu kinachoingia bombani kimetoka kwa nani, kwa sababu kikishaingia hakuna anayekubali kuwa ni chake."

Coralie aliipenda kazi ile kuliko alivyokiri mbele za watu. Alianza kuujua mji kwa chini. Alijua mtaa gani hufua nguo Jumatatu, na bucha gani humwaga damu asubuhi likidhani ukaguzi huanza saa nne. Alijifunza kutumbukiza bomba la plastiki angavu ndani ya mtego wa mafuta, lile shimo lenye mfuniko ambalo kila jiko la biashara hutakiwa kuwa nalo ili mafuta yabaki humo na maji yaende zake. Ukilichomoa bomba lile unaona yote kama keki iliyokatwa: mafuta juu, maji katikati, tope chini. Mafuta na tope vikizidi kiasi, mwenye jiko anaita gari la kunyonya. Asipoita, anaandikiwa amri ya kufunga jiko.

Kuna jambo jingine alilokuwa akilifikiria akiwa peke yake garini. Baba yake, Wilfred Santo, naye aliifanyia kazi halmashauri hiyo hiyo, enzi za ndoo. Kila nyumba ilikuwa na kibanda cha choo nyuma, na ndani ya kibanda ndoo, na kabla jua halijapanda Wilfred alikuwa ameshapita, kabeba ndoo iliyojaa begani na kuacha tupu mahali pake. Akirudi nyumbani alioga bombani uani, akabadili nguo huko huko, ndipo akawagusa wanawe. Watu wa Visiwa kama wao, ambao mababu zao waliletwa kwa merikebu kutoka visiwa vya mbali kukata miwa, ndio waliopewa kazi hiyo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Na mabomba ya maji taka yalipoletwa mjini, mtaa wao wa bondeni ndio uliofikiwa mwisho kabisa.

Novemba moja, joto likiwa limeshaubana mji na mvua bado, simu zikaanza kuingia kutoka Mtaa wa Nolan. Vyoo vilikuwa vinagoma. Kisha ikaja simu ya Kirra Doyle, mama kijana aliyejifungua wiki chache nyuma. Yeye hakulalamika kwamba choo kinagoma. Alisema kinyesi cha mtaa mzima kimepanda kupitia tundu la bafu lake, kimejaa sebuleni na sasa kinaingia chumba cha mtoto.

Des na Coralie walipofika, mafundi walikuwa wameshaingiza mpira wa maji ya nguvu ndani ya bomba kuu. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa cheupe, kizito, kimeganda kama nta ya mishumaa iliyomwagwa. Mapande mengine yalikuwa makubwa kama vichwa vya mbuzi.

"Haya ni mafuta ya jikoni," Des alisema. "Na si ya nyumba moja."

Wakaufuata mtaa kuelekea juu, chemba baada ya chemba. Coralie aliingiza chuma, akanyanyua mfuniko, Des akamulika. Kuta za kila chemba zilikuwa na utando mweupe. Wakafika kwenye ile iliyo mbele ya uzio wa bluu, na hapo utando ulikuwa mnene kupita kote. Wakaenda ya mbele yake: safi, zege tupu.

Des akarudi kwenye uzio wa bluu, akapiga magoti. "Basi yanaanzia hapa. Hili bomba la pembeni linaingia kutoka wapi?"

Coralie hakuhitaji kutazama juu. Ndani ya yale mafuta, penye mdomo wa bomba la pembeni, kulikuwa kumenasa kipande cha jani lililofungwa kwa uzi. Alilijua jani lile na alijua mafundo ya namna ile. Ndivyo wanawake wa kwao walivyofunga simboro, ndizi mbichi zilizokunwa, zikaviringishwa kwenye majani na kupikwa kwa tui. Mikono yake mwenyewe ilifunga mafundo hayo tangu utoto. Moyoni akatamani sana kuwa amesimama mahali pengine.

"Linatoka kwenye ukumbi wetu," alisema.

"Wenu nani?"

"Watu wa Visiwa. Ukumbi wa kanisa. Kila Jumamosi wanauza chakula cha mchana, simboro na nguruwe wa kuoka. Anayeshika jiko ni shangazi yangu."

Des akavua kofia, akajifuta jasho. "Basi hii niachie mimi. Wewe ni ndugu yao, si haki ubebeshwe."

"Ripoti andika wewe. Lakini kuwaambia, acha nikawaambie mimi."

"Watakuchukia, Coralie."

"Wakisikia kwako watakuchukia wewe, halafu watanichukia mimi kwa kujificha nyuma yako."

Ukumbini alimkuta shangazi yake, Merle Santo, dada wa baba yake, akiwa na wanawake wawili wakimenya ndizi. Merle ndiye aliyemlea Coralie mama yake alipofariki. Alikuwa mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi wakati kazi haijaisha.

"Oneni nani kaja," alisema mmoja wa wale wanawake. "Bibi afya. Ficheni masufuria."

"Vua buti hizo mlangoni," Merle akasema. "Sakafu imepigwa deki. Umekula?"

"Shangazi, mafuta ya nguruwe mnayamwaga wapi?"

"Mafuta ya nguruwe? Tunasafisha trei kwa maji ya moto na sabuni, yanakwenda. Kwani kuna nini?"

Coralie akamweleza. Bomba la Mtaa wa Nolan, nyumba ya Kirra, mapande meupe, na kwamba ukumbi hauna mtego wa mafuta. Akasema la mwisho kwa sauti ya chini: hakuna kupika tena hapo mpaka mtego uwekwe.

Visu viliacha kusogea. Merle alikitua chake taratibu mezani.

"Kwa hiyo Jumamosi hii hatupiki."

"Hampiki, Shangazi."

"Na basi la wagonjwa? Unajua fika kwamba fedha ya sahani hizi ndiyo inayolipeleka basi hospitali. Noel anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Utamsafisha wewe?"

"Mjomba Noel nitampeleka mimi."

"Sikiliza, Cora." Merle hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha mpwa wake. "Baba yako alibeba mavi ya mji huu begani miaka yote. Walimpa nini? Bomba lilipita kila mtaa, la kwetu likaja mwisho, sisi tukiwa bado na ndoo wakati wenzetu wanavuta mnyororo wa choo. Walipoliunga ukumbini walikuja watu wao, wakachimba, wakafukia, wakaondoka. Hakuna aliyesema neno la mtego. Leo ndiyo wanakumbuka kutukagua, na wanamtuma nani? Wewe."

"Hawakunituma. Nimekuja mwenyewe."

"Hapo ndipo umeniumiza zaidi." Akachukua kisu chake tena. "Na Hoteli ya Imperial je? Wanakaanga samaki na chipsi asubuhi mpaka usiku. Nao umewafungia?"

Coralie aliipitia orodha ya majiko kichwani. Imperial ilikuwa kwenye orodha, lakini tangu aanze kazi hajawahi kuikagua.

"Basi ukishawafungia wao ndipo uje ule kwangu," Merle akasema, na hakumtazama tena.

Kuanzia wiki ile Coralie akawa dereva. Aliomba kubadilishiwa saa za kazi, akawa anampeleka Mjomba Noel hospitali ya mji mkubwa katika gari lake dogo. Noel alikuwa mkata miwa wa zamani, mwembamba sasa, mwenye mdomo usiochoka.

"Zamani baba yako akipita, watu walifunga madirisha," alisema njiani. "Wewe ukipita wanafunga milango. Kweli ukoo wenu una kipaji."

"Na wewe shuka basi, utembee."

"Nitembee nimekosa nini? Kwenye gari la serikali kuna kiyoyozi."

"Hili si gari la serikali, Mjomba. Ni langu, na kiyoyozi kimekufa."

Noel alicheka, kisha akageuka kutazama mashamba. Baadaye akasema kwamba Merle halali vizuri. Coralie akasema naye hali kadhalika. Jumapili kanisani alikaa benchi la nyuma. Wanawake walimsalimu kwa adabu, kama wanavyomsalimu mgeni, na adabu ile ilimchoma kuliko matusi. Alijiuliza kama angeweza kunyamaza pale kwenye chemba. Des asingejua jani lile ni nini. Lakini bomba la pembeni lilikuwa lile lile, na mtoto wa Kirra angelala kwenye chumba kile kile. Kila alipolipindua jambo hilo lilirudi hapo hapo, na halikumpa faraja yoyote.

Jumamosi ya pili tangu jiko lifungwe, Coralie alikuwa amemrudisha Noel ukumbini, ambako wazee bado walikutana kucheza karata. Merle alikuwa amekaa kwenye kiti barazani mbele ya mlango, mikono mapajani, hana la kufanya. Kirra Doyle akaja akisukuma kigari cha mtoto. Alikuwa msichana mwenye nywele nyekundu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Samahani, Mama," alimwambia Merle. "Leo hamuuzi? Sina jiko. Wameng'oa sakafu yangu yote."

"Leo hatuuzi," Merle akasema. "Sakafu imeng'olewa kwa nini?"

Kirra akaeleza. Hakueleza kwa kulalamika. Alisimulia kama mtu aliyechoka kurudia. Alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni ndani ya bafu, na maji meusi yakaanza kupanda miguuni mwake. Alimnyakua mtoto akakimbia. Nguo za mtoto zilikuwa kwenye kapu sakafuni, zimekwenda zote. Godoro limekwenda. Blanketi alilofuma mamake kabla hajafa, nalo limekwenda, hata kulichemsha hakukufaa. Sasa analala kwa rafiki yake, watu watano chumba kimoja.

"Wanasema ni mafuta ya mtu fulani," akamaliza. "Hawajaniambia nani."

Coralie, aliyekuwa amemshika Noel mkono kwenye ngazi, alihisi mzee akimbana vidole. Angeweza kusema kitu. Kabla hajafungua mdomo, Merle aliinuka kitini.

"Ni sisi," alisema. "Ni mafuta ya jiko hili. Ni mimi niliyekuwa nayamwaga. Sikujua yanakwenda kwako, lakini ni mimi."

Kirra alimtazama Merle, akautazama mlango uliofungwa nyuma yake. Kisha akakigeuza kigari na kuondoka, gurudumu moja likilia barabara nzima.

Merle alibaki amesimama. "Cora," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu siku ile. "Nyumba ya huyu mtoto ni ipi?"

Kesho yake baada ya ibada, Merle na wenzake walikwenda Mtaa wa Nolan na ndoo, brashi na dawa za kusafishia. Kirra aliwafungulia mlango nusu na kusema kuna watu wa bima watakaokuja. Merle akasema sawa, bima ifanye yake, wao wataosha kuta. Wakasimama pale uani juani, wanawake wanne wenye kofia za kanisani, mpaka Kirra mwenyewe akaona haya akawaachia njia. Coralie hakualikwa lakini alikwenda, akapiga magoti bafuni kando ya shangazi yake. Walisugua mchana kutwa. Merle alisema maneno mawili tu, "Sogeza ndoo." Coralie akaisogeza.

Jumatatu, Coralie alimwendea Des ofisini. "Imperial hatujaikagua."

Des akakuna shingo. "Najua. Meneja wake ninavua naye samaki. Nimekuwa nikiiahirisha."

"Wale wa ukumbini wananiuliza."

"Wana haki ya kuuliza," Des akasema, na akachukua funguo.

Mfuniko wa mtego wa Imperial ulikuwa chini ya mapipa ya bia, na ilibidi wafanyakazi wayasogeze wakinung'unika. Meneja, mtu wa utani mwingi, alimpiga Des bega. "Bwana Des, umeniletea mgeni? Mtego wetu mzuri, hauna shida."

Coralie alitumbukiza bomba la plastiki. Halikwenda. Ilibidi alikandamize kwa uzito wake, na alipolichomoa lilikuwa na rangi moja, kutoka juu mpaka chini. Meneja akaacha kutania. Akamgeukia Des, na Des akamwambia, "Jiko linafungwa mpaka mtego unyonywe. Mwandikie, Coralie."

Akaandika. Lakini saa chache baadaye gari la kunyonya lilikuwa limeshakuja, meneja amelipa, na jioni chipsi za Imperial zilikuwa zinanukia barabarani kama kawaida. Ukumbi ulikuwa bado umefungwa, kwa sababu kuchimba na kuweka mtego mpya kulitaka kiasi cha fedha ambacho sahani za Jumamosi zisingekipata hata kwa msimu mzima. Coralie alikaa garini akiitazama ile hoteli yenye taa zake. Sheria ilikuwa imewagusa wote kwa namna moja, tena kwa mkono wake mwenyewe, na bado matokeo hayakufanana hata kidogo. Hakuwa amelifikiria hilo alipokuwa akijifunza kusoma mafuta na tope.

Alikwenda kumweleza Merle, akitarajia kusutwa. Merle alimsikiliza huku akikunja mataulo.

"Umewafungia kweli?"

"Nimewafungia. Lakini wamefungua siku hiyo hiyo."

"Hilo si lako. Mwenye nacho hafungwi siku mbili." Akamsogezea kiti kwa mguu. "Kaa. Umekonda."

Aliyelipeleka jambo mbele ni Des. Alisimama katika kikao cha halmashauri, mtu asiyependa kusimama vikaoni, na kusema kwamba ukumbi ule uliungwa na watu wa halmashauri yenyewe bila mtego na haujawahi kutembelewa hata mara moja, kwa hiyo lawama haiwezi kuwa ya wapishi peke yao. Walibishana sana. Mwishowe wakakubali kutoa mtego, na kazi ya kuchimba iwe ya wenye ukumbi. Vijana wa kanisani walichimba shimo siku mbili katika udongo mgumu kama tofali, Noel akiwa amekaa kwenye kiti chini ya turubai akiwakosoa namna wanavyoshika sururu.

Jiko likafunguliwa wiki moja kabla ya Krismasi. Merle alibadilisha utaratibu wote. Trei hazikuguswa na maji mpaka zimekwanguliwa na kupanguswa kwa karatasi, na mafuta yaliwekwa kwenye madebe ya kuchukuliwa. Mwanamke aliyejisahau alipigwa mkono kwa mwiko. Wakati mwingine Merle alikuwa mkali kupita halmashauri, na wale wanawake wakaanza kumwita yeye bibi afya, jambo ambalo Coralie aliliona ni nafuu kubwa.

Kirra hakuja Jumamosi ya kwanza, wala ya pili. Alikuja Januari, mvua zikiwa zimeanza, akanunua sahani mbili, akalipa, akaondoka. Wiki iliyofuata akakaa kula hapo hapo. Merle hakumsemesha sana. Alimchukua tu mtoto mikononi ili mama apate kula kwa mikono miwili. Kama Kirra alisamehe au la, hakuna aliyemuuliza.

Maji ya mvua yalilijaza bonde, lakini Mtaa wa Nolan maji taka hayakupanda tena. Coralie alimwomba Des ruhusa ya kuzungukia majiko ya makanisa, shule na vilabu ambavyo havikuwahi kuwa kwenye mpango, aende kwanza kufundisha kabla hajaenda kukagua. Des akasema hilo halimo kwenye maelezo ya kazi yake. Kisha akasema aanze Jumatatu.

Jumatatu hiyo mchana walikuwa wameegesha karibu na mtambo wa maji taka, mvua inapiga paa la gari. Coralie alifungua sahani aliyofungiwa na shangazi yake, akamkatia Des kipande cha simboro. Des aliutazama mkate wake wa nyama ya kopo, akauweka kando, akaonja. Alitafuna taratibu, akakata kingine mwenyewe bila kuomba.

"Wanauza Jumamosi tu?" aliuliza.

"Jumamosi tu," Coralie akasema, na akavuta sahani upande wake kabla haijaisha.